Alama Nilizompa Nyapara wa Barabara

Katika miaka ya hamsini, nikiwa nimetoka chuo kikuu na viatu vyeusi vilivyong'aa kuliko akili yangu, nilipewa kazi ya kukagua njia na barabara za mbuga ya wanyama pale Voi. Masika yalikuwa yamekwisha. Mzungu msimamizi wa mbuga alitaka kujua zipi bado ni nzima: njia za kale za misafara, zile zilizochongwa na askari wakati wa vita vya kwanza vya dunia, na zile mpya za magari. Vikundi viwili vya vibarua vilizitunza, na kimoja tu ndicho kingebakizwa kazini. Ripoti yangu ndiyo ingeamua.

Kundi la kwanza, watu wanane, liliongozwa na nyapara Mkamba wa makamo asiyejua kusoma. Nilimwonea wivu tangu siku ya kwanza. Mzungu alinisalimu kwa kichwa. Yeye alipewa mkono. Mpishi alinimiminia chai ya mwisho wa birika. Yeye aliwekewa ya kwanza. Mimi, niliyeteremka kutoka Wundanyi nikisindikizwa na nusu ya kijiji, pale niliitwa "yule karani".

Asubuhi ya ukaguzi wa sehemu yake alivua akala zake, akazibana kwapani, akatembea miguu mitupu katikati ya barabara, polepole.

"Mzee, umepoteza kitu?" nikamwuliza.

"Sijapoteza. Naisikiliza barabara. Mahali inapotaka kubomoka, mguu hujua kabla ya jicho. Vua na wewe, karani."

"Viatu hivi vina kamba nyingi."

"Mwacheni," akadakia kibarua mmoja, "akivua masomo yatamwagika!"

Walicheka wote wanane. Tangu hapo sikukagua barabara tena, nilitafuta makosa. Na nikayapata. Kila baada ya hatua kadhaa nyapara alikuwa ameinua tuta la udongo, fupi, likikata barabara kwa upande. Nilipopanda Landrova kuendelea, ilirushwa, meno yangu yakagongana. Nikaandika: "Barabara mbaya. Ina matuta." Ningeweza kumwuliza ni ya nini. Sikumwuliza, kwa sababu niliogopa jibu litakuwa zuri.

Kesho yake nilikwenda peke yangu na dereva upande wa kundi la pili. Barabara yao ilikuwa imechimbwa na maji, lakini karibu na mto nikaona njia iliyochepuka kuingia kichakani. Nikaifuata kwa miguu. Upana ulikuwa sawasawa mwanzo hadi mwisho, udongo umeshindiliwa vizuri, hakuna nyasi, mteremko mpole kama umepimwa na mhandisi. Nikajaza ukurasa mzima wa sifa. Kundi la pili likawa la kwanza.

Mzungu aliisoma ripoti barazani, mbele ya nyapara. Nilimtazama yule mzee akisikia kwamba watu wake wanane wanarudishwa makwao. Hakubisha. Aliuliza tu, kwa upole, kama angeweza kuonyeshwa ile njia nzuri.

Tukaenda. Katikati ya njia yangu palikuwa na kinyesi kikubwa kama ndoo, bado kinatoa moshi.

Mzungu alicheka mpaka akashika mlango wa gari. "Karani, wafanyakazi hawa nao niwaandikishe?"

Nilimgeukia nyapara nikitumaini atacheka pia. Hapo ningepata sababu ya kumchukia. Hakucheka.

"Karani hakukosea, bwana," alisema. "Njia ni nzuri. Ndovu anajua kuchagua mteremko. Naye hana viatu."

Tuliporudi kwenye barabara yake, mzungu alimwuliza habari ya matuta. Nyapara akachukua debe la maji garini akalimwaga barabarani. Maji yakateremka mbio, yakafika kwenye tuta, yakageuka yenyewe kuingia majanini. "Bila hilo, yangekula barabara mpaka chini," akasema. Jibu lilikuwa zuri, kama nilivyoogopa.

Niliamriwa kukagua upya, kwa miguu, nikifuatana naye. Safari hii nilivua viatu. Mawe yalinichoma, na hatua moja kati ya kumi nilihisi udongo ukilegea chini ya unyayo. Kila mara nilipofungua mdomo kumwambia, nilikuta amekwisha kusimama pale na kuweka alama ya jiwe.

Jioni niliandika ripoti ya pili, miguu ikiwa ndani ya beseni. Kundi la nyapara libaki, nikaandika, na wale wanane wakabaki. Kuhusu hali ya barabara yake niliandika "nzuri sana". Nikaitazama kwa muda. Kisha nikachukua kalamu nikafuta "sana".