Marit na Hapana ya Kwanza

Profesa Sheldrake simpendi, na sitajifanya. Ndiye mkuu wa Programu ya Wanafunzi Bora katika chuo kikuu kimoja huku kwetu Dakota Kaskazini. Alitujia kutoka majimbo ya mashariki, na ana tabia ya kutazama saa mtu anapoongea naye. Ila wiki ile mama yangu naye aliniudhi vilevile, na mdogo wangu Marit nilitamani kumzaba kofi. Hasira yangu haikubagua.

Marit alikuwa mwaka wa pili, anasomea uhandisi wa ujenzi. Tumekulia shamba la viazi sukari, vile vinavyokamuliwa sukari kiwandani, mahali ambapo baridi hupasua barabara kila mwaka na kila mwaka watu huziba nyufa zilezile. Alitaka kutengeneza zege lisilopasuka kwa barafu. Mashine ya kulipima zege hilo ilikuwa katika maabara ambayo wa mwaka wa pili hawaingii, isipokuwa walio kwenye Programu. Tangu afike chuoni hakuwa na hamu ya kitu kingine.

Sasa, sisi wa huku, wajukuu wa Wanorwei, tuna ugonjwa wetu. Ukipewa kahawa unakataa. Ukipewa tena unakataa, kwa sauti ya chini kidogo. Mara ya tatu unasema haya, nusu kikombe tu, nao wanakujazia mpaka ukingoni. Anayekubali mara ya kwanza huyo ni mlafi, atasemwa mpaka kanisani.

Sheldrake akamwita ofisini. "Marit, imebaki nafasi moja kwa wahandisi. Nakupa wewe. Unaitaka?"

"Aa, hapana, Profesa, usijisumbue," mdogo wangu akajibu. "Wako wanaostahili kuliko mimi."

"Sawa. Asante kwa kunieleza ukweli." Akainuka, akamfungulia mlango.

Unajua Marit alifanya nini? Alisimama kwenye korido nje ya ofisi, akingoja aitwe tena. Alisimama mpaka mfagiaji akamwomba apishe.

Kesho yake alikuwa karakana, wanafunzi wanapojenga mtumbwi wa zege, na unaelea kweli, kwa ajili ya mashindano ya vyuo. Mwenzake wa kuchanganya zege, Bryce Kessinger, kijana wa New Jersey, akaingia akipiga makofi.

"Jamani, nimeingia Programu! Sheldrake hajamaliza hata kuuliza, nikasema ndiyo. Eti kuna mjinga aliikataa!"

"Hongera," Marit akasema, akaendelea kulainisha ubavu wa mtumbwi.

Jumamosi akaja nyumbani, akatusimulia mezani. Mama hakushtuka hata kidogo.

"Atakuuliza tena. Mtu mwenye adabu huuliza tena."

"Mama, yule si wa huku!" nikamaka. "Ameshampa mwingine!"

"Basi haikuwa yake. Na wewe Joleen, punguza sauti, si mnadani hapa."

"Na wewe," nikamgeukia Marit, "una mdomo wa kazi gani? Wa kulia viazi?"

Machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye sahani, na mama akajifanya hayaoni, akamsogezea chumvi. Nilimchukia kwa ile chumvi.

Jumatatu nilimtia Marit kwenye gari langu, nikampeleka mwenyewe mpaka ofisini. Tukamkuta Sheldrake, na Bryce naye kakaa pale, mguu juu ya mguu.

"Profesa, samahani kwa kukusumbua," Marit akaanza. "Ile nafasi... niliitaka."

"Ulisema hapana."

"Ndiyo. Lakini ile ilikuwa hapana ya kwanza."

"Ya kwanza? Kwani ziko ngapi?"

Bryce akacheka. Mimi nikashindwa kuvumilia. "Ziko mbili! Jibu ni la tatu. Umeishi huku miaka yote hiyo hujajua?"

"Wewe nani?"

"Dada yake."

"Basi, dada yake, sikukuuliza wewe." Akamgeukia Marit. "Naweza kuiomba kamati iongeze nafasi moja. Lakini watataka sababu. Huyu Bryce hapa nimeshamkubali. Wewe ni bora kuliko yeye?"

Ni swali la kikatili. Huku kwetu hata aliyeshinda mbio husema wenzake waliteleza. Nikang'ata ulimi, maana nilijua nikimsemea mimi tumekwisha.

"Sema tu, Marit," Bryce akamwambia, akitabasamu kwa raha ya mtu anayejua kuwa huwezi. "Mimi sitakasirika."

Marit alitazama viatu vyake muda mrefu. Sheldrake akatazama saa yake.

"Ndiyo," Marit akasema. "Mimi ni bora. Mchanganyiko wake ulipasuka kila tulipoujaribu. Nikaufanya upya mimi, akaandika jina lake."

Tabasamu la Bryce likafutika. "We! Si nilikuuliza, ukasema haina shida?"

"Nilisema hivyo. Shida ilikuwepo."

"Mnafiki mkubwa wewe!"

"Labda," Marit akajibu, na sasa alikuwa anamtazama usoni. "Lakini zege ni langu."

Kamati ikamwita, ikamhoji kuhusu zege lile, ikamkubali. Bryce naye alibaki kwenye Programu, ila pale karakana wenzao wote wakaegemea upande wake. Marit akiingia, mazungumzo yanakatika.

Jumapili tukala nyumbani. Marit akamsimulia mama yote, hata lile la viatu. Mama akaweka uma chini.

"Ulisema wewe ni bora. Na huyo kijana mwenyewe anasikia?"

"Ndiyo, mama."

"Haya," mama akasema. "Hiyo nayo ni namna yake."

Huku kwetu hakuna tusi zito kuliko hilo; ndivyo husemwa juu ya jambo lisilo na cha kusifiwa. Nilitaka kuipindua meza. "Mpongeze, mama! Binti yako ameshinda!"

"Sikumlea aseme vile mbele za watu."

"Ulinilea vizuri, mama," Marit akasema polepole. "Ndiyo maana nusura niikose."

Mama akainuka, akalichukua bakuli la viazi katikati ya meza, likiwa bado nusu, akalirudisha jikoni bila kutukaribisha hata mara moja, nasi tulikuwa hatujashiba.