Kopo la Ufuta la Mama

Enzi zetu hapakuwa na kopo tupu. Wenzangu mliokulia Kilosa mnajua: maziwa hayajakauka ndani, kopo limeshapata kazi. Hili koroboi, lile kikombe, jingine gari la kaka lenye magurudumu ya ndala. Tairi la lori likichoka, baba anakata katambuga, tunakwenda nazo shule zinalia kwata kwata. Utupe nini? Na nani angekuacha?

Nikiwa darasa la tatu, mwalimu akasema Jumatatu kila mtoto aje na kopo la kumwagilia bustani ya shule. Asiye nalo asiingie darasani. Nikazunguka nyumba nzima, kila kopo lina kazi yake. Isipokuwa moja, limekaa tu juu ya gunia. Nikachukua msumari na jiwe, nikalitoboa matundu chini. Nikatia maji, yakashuka kama manyunyu. Nikajiona fundi! Nikalirudisha juu ya gunia likauke.

Kesho yake ilikuwa siku ya gulio. Mama akabeba ufuta wake na kopo lake la kupimia. Ndilo lile. Mimi namfuata nyuma, sina habari. Anachota, anamimina, anachota, mpaka mama mmoja akaona ufuta unachuruzika miguuni.

“Mama Hawa! Kumbe kopo lako linakula!”

“Ndiyo maana gunia lako haliishi!” akadakia mwingine.

Mama akaligeuza, akaangalia matundu, kisha akaniangalia mimi. “Sema.” Nikasema yote, kamasi zinanitoka. Watu wakacheka, ila bibi mmoja wa ng'ambo ya mto akafunga kanga yake: “Mtoto kafundishwa huyo.”

Mama alivumilia njaa, alivumilia ndugu wa baba, lakini kuitwa mpunjaji hakuweza. Hakunipiga. Alinitwika bakuli la ufuta, akanizungusha nyumba zote zilizonunua siku ile. “Shikamoo. Mama kasema nikuongezee.” Yule bibi wa ng'ambo ya mto aliitikia marahaba bila kunitazama, akasema, “Chota tena.” Nikachota tena. Gulio lililofuata mama alikuja na kopo la kuazima, na wa kwanza kutandika kanga yake apimiwe alikuwa bibi yule yule. Hapo ndipo nilipomwona mama anapumua.

Kopo bovu akanipa. “Umeliharibia kazi yake, sasa litafutie nyingine.” Nilimwagilia nalo shuleni na nyumbani mpaka nilipoacha shule, darasa la nne, na mchicha wake tuliula nyumbani.

Juzi nilikuwa Mikumi kwa binti yangu. Mjukuu wangu Salma kaambiwa shuleni apande mchicha kwenye chupa zilizotupwa. Mradi wa taka, anauita. Nikafurahi, nikasema kumbe shule zimerudi kwenye akili! Kutoka nje, namkuta na wenzake wananunua soda na kuimwaga mchangani.

“Mnafanya nini nyie?”

“Bibi, tunatafuta taka.”

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikaomba msumari, nikawaonyesha matundu yanavyotobolewa, madogo, yasiyomaliza maji upesi. Salma akanyoosha mkono achukue chupa nyingine pale dirishani. Nikamshika.

“Umemuuliza mwenyewe?”

Akanishangaa. “Bibi, chupa tu hiyo!”

Chupa tu. Sisi kitu kilikuwa na mwenyewe mpaka kiishe. Wao kinaitwa taka kikiwa bado kimejaa.