Pumzi ya Benzi ya Mzee Nashoni

Ngeleja hakuvumilia kusikia kitu kikivuja hewa. Iwe tairi, iwe mtungi wa gesi wa jirani, sikio lake liligeuka kabla ya shingo. Watu wa Bomani, mjini Tarime, walimfanyia utani: "Ukikoroma karibu na fundi Ngeleja, utaamka umefungwa mpira mdomoni."

Hawakujua alikolitoa sikio hilo, au walijua wakasahau, maana mji huuliza mengi ya mgeni siku ya kwanza na usiulize tena. Alitoka Usukumani akiwa kijana, akafika Nyakunguru kutafuta dhahabu kama wenzake wote, lakini hakupewa nyundo. Alipewa mashine ya upepo. Alikaa mdomoni mwa shimo akichunga injini ndogo iliyosukuma hewa chini kupitia bomba refu la plastiki. Wenzake walishuka na tochi. Yeye alibaki juu na pumzi zao. Kila asubuhi rafiki yake Mayunga, kabla hajashika kamba, alimwambia, "Usisinzie, mwanawane. Mapafu yangu nimekuachia wewe." Wakacheka.

Bomba lilipotoboka na kuanza kusema sss, hakuna aliyecheka. Hiyo ilikuwa hewa ya Mayunga ikipotelea majanini. Ngeleja aliruka na ukanda wa mpira wa tairi, akafunga, akakaza kwa meno. Alifunga matundu mengi namna hiyo, na Mayunga alipanda juu kila jioni, mweupe kwa vumbi, hadi siku aliyoamua mwenyewe kurudi kwao kulima. Ngeleja naye akaliacha shimo. Ukanda wa mpira hakuuacha. Ulikaa mfukoni mwake kama rozari inavyokaa mfukoni mwa mtu mwingine.

Aliyempokea mjini alikuwa Mzee Nashoni, Mkurya mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Alimpa kivuli cha ukuta nyuma ya nyumba yake, akasema, "Tengeneza hapa, mura. Ukishindwa, utakuwa umeshindwa kivulini." Pale ndipo Ngeleja alipozeekea na pampu za maji, mashine za kusaga na pikipiki. Na pale pale, chini ya turubai, ilikaa Benzi ya Mzee, rangi ya maziwa yaliyoganda, aliyoinunua zamani kwa mkandarasi Mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa gari ya kwanza yenye kiyoyozi ambayo mtaa ule uliwahi kuiona. Watoto wa wakati ule, ambao sasa wana watoto wao, walipanga foleni kuingiza mikono dirishani waionje baridi.

Kisha Mzee akapigwa na kiharusi. Mdomo ulirudi, mguu ukarudi nusu, ila joto likawa adui yake: likimzidi, pumzi inakatika na maneno yanapotea. Na mwaka huu kitinda mimba wake, Erasto, akapata mchumba Nyansurura, kule Serengeti.

"Nitamposea kwa mdomo wangu," alisema Mzee. "Kaka zake waliposewa na baba zao wadogo, mimi nikiwa kwenye mambo ya ng'ombe. Huyu ni wa mwisho. Na mimi pia ni wa mwisho."

"Baba, tukodi gari ya kisasa," alisema Erasto. "Hilo la kwako ni la makumbusho."

"Hata mimi ni wa makumbusho. Utakodi baba mwingine?"

Basi kazi ikaja kwa Ngeleja. Benzi ilitembea vizuri. Shida ilikuwa kusimama. Mafundi huuita sailensa, ule mngurumo wa chini wa injini gari likiwa limetulia na mguu umetoka kwenye mafuta. Bila kiyoyozi, sailensa ya Benzi ilikuwa laini kama paka aliyeshiba. Ukiwasha kiyoyozi, kompresa, ile pampu yake inayozungushwa na injini, inadaka, injini inashtuka, taa zinafifia, gari zima linatetemeka kama mtu aliyetwishwa gunia bila kuambiwa. Wakati mwingine lilizima kabisa. Na ukweni ni kusimama. Ukoo ule wa Nyansurura ulikuwa na desturi ya kuwaweka wageni wa posa nje ya lango, ndani ya gari, mashangazi wakiwatania mpaka waridhike. Mtu anaweza kuwekwa pale kutwa.

Ngeleja alibadilisha plagi, akasafisha njia za mafuta, akakaza mkanda. Alipokuwa ameinama juu ya injini kiyoyozi kikiwaka, akaisikia: sss. Ilitoka kwenye kidude kidogo kama kibweta, chenye waya mmoja na mipira miwili ya kupitisha hewa, pembeni kabisa. Tundu lilikuwa linavuta hewa. Mkono wake haukungoja akili. Ukatoa ukanda mfukoni, ukaufunga mpira penye tundu, ukakaza. Kimya. Kisha akapandisha sailensa kwa bisibisi, juu kidogo kuliko kawaida, na gari likakaa.

"Linapiga kelele," alisema Mzee.

"Litatulia, Mzee."

Katika ubaridi wa asubuhi ya Tarime, kwenye mwinuko ule wa migomba na kahawa, lilitulia kweli.

Walishuka Serengeti siku ya posa, Ngeleja akiendesha, Mzee kando yake na fimbo kati ya magoti, Erasto na shangazi yake Mokami nyuma. Kadiri walivyoshuka ndivyo joto lilivyopanda. Vioo vilifungwa, baridi ilipuliza, na Mzee alikuwa akirudia maneno yake ya posa polepole, kwa Kikurya kisha kwa Kiswahili, kama mtu anayehesabu ng'ombe gizani.

Langoni Nyansurura walipokelewa na shangazi wa bibi harusi, mwanamke mnene mwenye kitenge cha njano, aliyeitwa Winfrida.

"Hawa ni akina nani? Wauza sufuria?"

"Tumepotea," alijibu Mokami kwa kufuata desturi. "Tumeona moshi wa jiko la mtu mkarimu."

"Mkarimu hayupo. Kaeni humo humo mkaukie."

Wanawake wakapiga vigelegele. Utani ulikuwa mzuri, nao ulikuwa mrefu. Jua lilikuwa limesimama juu ya boneti. Ngeleja akaisikia injini ikianza kuyumba: inashuka, inapanda, inashuka zaidi. Akaweka mguu kwenye mafuta, ikanguruma.

"Sikieni, gari yao inakohoa!" Winfrida akapaza sauti. "Mmetuletea mgonjwa? Binti yetu hajasomea uuguzi!"

Akaachia mguu, injini ikakaribia kufa. Kila kompresa ilipodaka, usukani ulitetemeka mikononi mwake. Hewa iliyotoka kwenye matundu ya kiyoyozi ilikuwa inageuka vuguvugu. Akamtazama Mzee. Jasho lilikuwa limeanza juu ya mdomo ule uliorudi kwa taabu, na midomo ilikuwa inatafuta neno la kwanza la posa bila kulipata.

"Nifungue boneti," Ngeleja alinong'ona.

"Wewe!" Erasto alimshika bega. "Mbele ya lango? Watasema tumekuja kuoa na gari bovu. Watatuimba mpaka wajukuu! Zima tu AC."

"Nikizima, Mzee atakuwaje?"

Erasto akaliachia bega. Ngeleja akafumba macho, akafanya alichokuwa akifanya mdomoni mwa shimo: akasikiliza. Kompresa ikadaka, tik. Injini ikashuka. Akaingojea sauti iliyopaswa kufuata na haikuja. Ile sss. Siku ile kivulini ilikuja kila kompresa ilipodaka, ikaondoka ilipoachia, kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi. Tundu linalovuja halijui adabu. Linavuja mchana kutwa. Lile lilikuwa mlango, na yeye ndiye aliyeuziba. Injini ilikuwa na njia yake ya kuvuta hewa ya ziada kila mzigo wa kiyoyozi ulipokuja, hafifu kwa uzee lakini ikifanya kazi, na mkono wake uliozoea kuokoa pumzi za watu ndio ulioinyonga.

Akavuta kifungulio cha boneti.

"Haya! Wamefika kwenye matumbo!" Winfrida alishangilia, na wanawake wakadaka wimbo papo hapo, wimbo wa bwana harusi aliyekuja na nyundo badala ya ng'ombe. Erasto alijifunika uso. Ngeleja alipita katikati ya wimbo kama mtu anayepita mvuani. Aliinua boneti, joto la injini likampiga usoni. Alitafuta fundo kwa vidole. Lilikuwa limekaza, alikuwa amelikaza vizuri, kama kawaida yake. Ikabidi ainame, alilegeze kwa meno.

Ukanda ukatoka. Hakuna kilichobadilika. Akaukung'uta ule mpira wa hewa uliokuwa umebanwa, akauminya mpaka ukarudi mviringo. Kompresa ikadaka. Sss. Injini ikashuka unywele mmoja, ikakamatwa, ikapanda, ikakaa. Kompresa ikaachia; sauti ikanyamaza. Ikadaka tena. Sss.

Kila kitu mwilini mwake kilimwambia azibe tundu lile.

Alifunga boneti, akarudi kwenye usukani, wala hakugusa mafuta. Baridi ilikuwa inarudi, kidogo kwanza, kisha ya kweli. Mzee aliegemea, akafumba macho. Wanawake walikuwa bado wanaimba, ila Winfrida alikuwa amesogea hadi dirishani, akainama kuchungulia mgonjwa wake.

Mzee alishusha kioo. Baridi ikamwagika nje, ikampiga shangazi yule kifuani.

"Mama yangu," alisema Winfrida, kwa sauti nyingine kabisa. "Kumbe humu ni Tarime?"

"Ingia upoe, shemeji," alisema Mzee. Neno kwa neno, bila kupoteza hata moja. "Mimi nimekuja kuomba. Mtu haombi huku amemwacha mwenye nyumba juani."

Winfrida alicheka mpaka kitenge kikalegea, akawapungia mkono wenzake wafungue lango. Kisha, kwa kuwa desturi ni desturi, akaingia nyuma, akamsukuma Erasto pembeni kwa nyonga, akaamuru waendeshwe taratibu hadi mlangoni.

Mazungumzo yalifanyika pale pale uani, milango ya Benzi ikiwa imefungwa, wazee wa Nyansurura wakiingia na kutoka kwa zamu kumsikiliza Mzee Nashoni akiposa kwa mdomo wake. Ngeleja alisimama nje, kiganja juu ya boneti. Ukanda wa mpira ulikuwa mkono wa pili. Alikuwa ameuviringisha kidoleni mpaka kidole kikafa ganzi. Kila dakika chache tundu lilivuta hewa, na kila mara bega lake lilishtuka. Akaliacha livute.

Vigelegele vilipolipuka uani, Erasto alimjia mbio. "Wamekubali, fundi! Wamekubali! Zima sasa, lipumzike."

"Bado," alisema Ngeleja. "Mzee bado yumo ndani."