Kikokotoo Chini ya Baibui

Kikokotoo kile nililetewa na shangazi kutoka Maskati, kimezongwa kwenye kanga ili kisivunjike njiani. Kilikuwa cha kuchora grafu, na kilijua mambo ambayo mimi sikuyajua.

Nilikuwa najisomea hesabu za kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea, juu ya duka letu la vitambaa Mchafukoge. Mada nyingi nilizielewa kwa kuzirudia mpaka macho yaume. Moja ilinishinda: namba za kufikirika, zile zinazoanza pale unapotafuta kipeuo cha pili cha hasi moja na kukiita i. Kila nilipozigusa kwa kalamu nilikosea mahali fulani, na mimi nikikosea silali. Kikokotoo hakikukosea.

Jumamosi mchana nilikwenda tuisheni Kariakoo, chumba cha ghorofa ya tatu, ambako mwalimu mstaafu alitupa jaribio kila wiki. Sheria zake zilikuwa mbili. Vikokotoo vya grafu marufuku, maana kwenye mtihani wa taifa haviruhusiwi. Na anayenakili kwa mwenzake anatoka, harudi. Karatasi iliyoongoza aliibandika mlangoni. Yangu ilibandikwa wiki tatu mfululizo, na kila nilipoipita niligeuza uso, kana kwamba nimeona picha yangu kwenye ukuta wa kituo cha polisi. Kikokotoo kilikaa mapajani, chini ya baibui. Nilibonyeza kwa kupapasa, kisha nachungulia mara moja.

Aliyejua ni mmoja tu, niliyekaa naye dawati moja. Mama yake hukaanga samaki Feri, na yeye alikuja darasani moja kwa moja kutoka kumsaidia.

"Shoga, hicho kidude kitakuja kukuumbua," aliniambia. "Sogeza karatasi basi, na mimi niumbuke nimeshiba."

Nilisogeza.

Wiki ya nne swali lilikuwa moja jumlisha i, yote kwa kipeo cha ishirini. Kioo cha kikokotoo kilinipa hasi 1024, na nyuma yake kipande kidogo cha i, kidogo mno, sifuri nukta sifuri nyingi na moja mwishoni. Nilikiandika chote. Ndivyo nilivyo, siwezi kuacha kitu nilichokiona kimeandikwa. Sikujua kwamba kipande kile hakipo kabisa, ni takataka inayobaki mashine inapokadiria desimali zake. Mwenzangu naye akakiandika.

Jumamosi iliyofuata mlangoni hapakuwa na karatasi. Mwalimu alituita mbele sisi wawili, akaweka majibu yetu sambamba mezani.

"Moja jumlisha i, kipeo cha pili, ni 2i," alisema kwa upole. "Ipandishe kwa kipeo cha kumi, unapata hasi 1024. Mistari miwili, imeisha. Huu mkia umetoka wapi?"

Aliugonga mkia ule kwa kidole, kwenye karatasi yangu, kisha kwenye ya mwenzangu.

"Mkia kama huu hauoti kwenye vichwa viwili kwa mpigo. Nani kamwangalia mwenzake?"

Mwenzangu alinitazama. Mimi nilitazama vumbi la chaki sakafuni.

"Mimi, mwalimu," alisema.

"Na wewe, binti, uliupata wapi?"

"Nilipita njia ndefu, mwalimu. Njia ya pembe. Nikakosea."

"Njia ya pembe," alirudia taratibu. Kisha akamwambia mwenzangu achukue mfuko wake. Mtihani ulikuwa wiki sita mbele, na hakuwa na mahali pengine pa kusoma.

Jumatatu mwenzangu alikuja dukani. Alimwamkia mama shikamoo, akanivuta nyuma ya majora ya vitambaa.

"Sitaki ujitie kitanzi," alisema. "Kalkuleta usiitaje. Mwambie tu ulinionyesha mwenyewe, kwa hiari yako. Huenda akanirudisha."

Nilimwahidi. Wiki nzima nilijifunza njia ya pembe kwa mkono, usiku na mchana, kwa hofu tupu.

Jumamosi aliningoja chini ya ngazi, mimi nikapanda mapema. Mwalimu alikuwa peke yake, anafuta ubao. Sentensi yangu nilikuwa nimeikariri.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Afadhali umewahi." Alininyooshea chaki. "Nionyeshe hiyo njia yako."

Niliandika. Urefu, kipeuo cha pili cha mbili. Pembe, nyuzi arobaini na tano. Mara ishirini, nyuzi mia tisa. Toa mizunguko miwili, mia na themanini. Hasi 1024. Chaki ilikatika vidoleni mara mbili.

"Leo mkia hauko," alisema.

"Hauko, mwalimu."

Alinitazama kwa muda mrefu, kama fundi saa anayesikiliza saa. "Ulikuwa na neno?"

Ningesema nilimwonyesha mwenzangu, angeniuliza nilimwonyesha kutoka wapi. Nilijua angeuliza. Alikuwa anangoja.

"Hapana, mwalimu."

Nilishuka. Mwenzangu alisimama palepale, amekumbatia daftari. Wingu zito lilikuwa limetanda upande wa bonde la Jangwani, na nyumbani kwao ni kuvuka huko.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia," nikasema. "Amekataa."

Aliinamisha kichwa kidogo. "Haya, shoga. Ahsante kwa kujaribu."

Akaondoka haraka ili awahi kabla ya mvua. Nami nikapanda tena ngazi, kwa sababu kipindi kilikuwa kinaanza.