Murram ya Ufaransa

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Nimeendesha lori kutoka Mombasa hadi Kongo, nimelala chini ya trela simba wakikohoa ng'ambo ya barabara, niliacha shule darasa la tano na leo nina malori yangu na duka la mabati ambamo wenye digrii huja kuniomba kazi. Kwa hivyo nilipofika Saudia, enzi zile kila kijiji kwetu kilikuwa na ajenti wa kutafuta madereva, sikushtushwa na joto wala na nyumba yenye vyoo vingi kuliko watu.

Bosi wangu alikuwa na ofisi Riyadh. Mtu mpole, rika langu, mwenye kitambi na ule ugonjwa wa sukari wa kujidunga sindano. Daktari alimwambia afanye mazoezi. Mwingine angetembea. Yeye alinunua baiskeli ya bei ya gari, usukani umepinda kama pembe za kondoo dume, magurudumu manene, imeundwa makusudi kwa barabara isiyo na lami. Na Riyadh ni lami tupu.

Akanionyesha kwenye simu mahali alipopanga kwenda na rafiki zake mwezi wa saba. Ufaransa, mashambani. Njia nyeupe ya kokoto inakata mizabibu, inazama msituni, inatokea kando ya mfereji wa maji yaliyotulia, inapanda kijiji cha nyumba za mawe. Hakuna mtu, ni mbwa tu amelala katikati ya njia. Nikamwambia, bosi, hii ni murram. Kwetu barabara kama hii tunaiandamania, tunamzomea mheshimiwa mpaka atumwagie lami. Ninyi mnaipandia ndege? Alicheka mpaka akashika tumbo.

Tulianza mazoezi nje ya Riyadh, kwenye njia za vumbi za mashamba ya mitende. Yeye mbele na baiskeli, mimi nyuma na gari, tende na juisi juu ya kiti. Kazi yangu ilikuwa kuangalia mabega yake. Sukari ikianza kumshuka, mabega yalilegea kabla yeye mwenyewe hajajua. Napiga honi, anasimama, namlisha tende, tunangoja kidogo, yalla, tunaendelea. Siku moja nilichelewa na honi. Niliona baiskeli ikienda upande wake na yeye upande wake, nikamkuta mchangani ametota jasho, anacheka kama mlevi, hanijui. Nikamtia juisi mdomoni kwa nguvu mpaka akanijua. Tangu hapo hakugusa baiskeli bila mimi, akasema nitakwenda naye Ufaransa niendeshe gari la nyuma.

Ndipo tukaanza kupanga njia. Yeye anapitisha kidole kwenye ramani ya simu, mimi nasema nitamngojea wapi: hapa msitu unapoisha, hapa kwenye daraja, hapa chini ya mlima kabla hajapanda. Nilizitazama video zile mpaka nikahisi naweza kuendesha huko macho yamefungwa.

Jamaa zangu wa Kenya walikuwa Jeddah, kwenye chumba kimoja mtaa wa Al-Hindawiyah, na tuliposhuka huko nikawaambia. Walinipisha kiti. "Mpeni Mfaransa chai," akasema mmoja, mlinzi wa ghala. "Mazee, ukifika usiangalie nyuma. Acha gari hapo hapo." Nikamwambia mimi si wa kutoroka. Kuna mtu huko hatakiwi kuanguka, na wa kumzuia ni mimi.

Kikwazo kilikuwa kimoja. Kwa karatasi, kafili wangu, yaani mdhamini, hakuwa bosi. Nafasi zake za madereva zilikuwa zimejaa, kwa hivyo ikama yangu, kile kibali cha kuishi, iliandikwa kwa jina la mama yake, aliyekaa Jeddah, Al-Rawdah. Pasipoti yangu ilikuwa kabatini mwake na ufunguo shingoni mwake. Bila ndiyo yake sitoki nchini.

Tulimkuta nyumbani akinywa kahawa. Bosi alimbusu paji la uso, akaeleza. Madam mkubwa alisikiliza, kisha akanigeukia mimi.

"Huko akianguka, nani atamwinua?"

"Mimi, madam."

"Na wewe usipokwenda?"

"Hakuna mwingine, madam. Ni mimi tu."

Nilijiona nimejibu kama wakili. Hata nilimtupia bosi jicho.

"Basi hutakwenda," akasema. "Na yeye hatakwenda. Halas."

Hesabu yake ilikuwa hiyo. Mwanawe hajawahi kujimiminia maji mwenyewe, atathubutu vipi nchi ya watu bila dereva? Bosi alimbembeleza, akambusu mikono. Mafi, hakuna. Na mtu mzima wa kule hawezi kupekua kabati la mama yake. Tulikaa garini, wanaume wawili wenye ndevu. Kisha bosi akasema atakwenda hivyo hivyo, bila mimi.

Nilimsihi abaki. Nilipoona haisaidii nikamfungia tende kwenye vifuko vidogo, nikamwonyesha mfuko wa mgongoni mwa fulana, hapa, si kwenye begi. Akaitika ndiyo, ndiyo, kama mtoto anayeambiwa avae sweta. Nilimpeleka uwanja wa ndege mwenyewe, baiskeli ndani ya boksi. Mama yake hakutoka chumbani.

Nikabaki dereva wa madam. Mchana mmoja nilikuwa nje ya kliniki, yeye yuko ndani kwa daktari wa magoti, simu ikalia.

"Uko wapi? Njoo."

Maneno yale yale ya kila siku, akiwa kwa kinyozi, akiwa dukani. Ila ulimi ulikuwa mzito, na mimi nilijua.

"Bosi, uko Ufaransa. Mimi niko Jeddah."

"Njoo na gari."

"Kula tende, bosi. Mfuko wa mgongoni."

Nikasikia anapumua.

"Tende unabeba wewe," akasema.

Nikamuuliza rafiki zake wako wapi. Mbele. Nikamuuliza anaona nini. Mahindi. Na nini tena? Ng'ombe weupe. Miezi yote ile nimeisoma njia, na mahindi na ng'ombe weupe viko kila kona yake. Sikujua yuko wapi. Nikafanya nilichozoea. Niliweka simu juu ya usukani nikapiga honi, nikaishikilia, Jeddah mchana kweupe, mpaka mlinzi wa kliniki akaja kugonga kioo. Nilipoirudisha sikioni nikasikia injini. Trekta naijua. Kisha sauti ya mwanamke, kisha simu ikakatika.

Kredo yangu haikutosha kupiga ng'ambo. Nikakimbia kwa Myemeni wa duka la kona, nikanunua kadi, nikaikwaruza kwa ufunguo wa gari. Akajibu mwanamke, si yule wa trekta, bali wa kwenye mtambo anayesema simu haipatikani, kwa Kifaransa. Nilimsikiliza mpaka mwisho kila mara, labda anataja bosi alipo, na kila alipomaliza kredo ilikuwa imepungua. Nikanunua nyingine, na nyingine. Moja niliikwaruza kwa pupa nikafuta nambari zenyewe.

Madam akatoka, akaketi nyuma. Akauliza mbona natoka jasho na baridi ya gari imewaka. Nikasema joto.

"Mwanangu amekupigia?"

"Amepiga, madam. Anakusalimia."

"Anakula?"

"Anakula."

Akatazama dirishani mpaka taa za barabarani, akaniambia nisimame kwenye duka la dawa. Alipoingia nikakwaruza nyingine.

Ilikuwa karibu na magharibi rafiki mmoja wa bosi alipopokea, akanieleza. Mwanamke mkulima alimpaka jamu ndani ya mdomo kwa kidole chake. Yuko hospitali, bega limevunjika, anaongea. Niliegesha gari nikainamisha kichwa kwenye usukani.

Alirudi mkono umefungwa shingoni. Sebuleni alisimulia vizuri, ng'ombe, jamu, trekta, watu wakacheka, mama yake akamshika shavu asiliachie. Mimi nilikuwa mlangoni na mizigo. Kwamba alipiga simu, hakutaja. Hakumbuki, na namwamini. Sukari huondoka na kila kitu. Sikumkumbusha. Mimi si mtu wa kudai kredo. Kadi zote, pamoja na ile niliyoiharibu, na chupa ya maji niliyojimwagia kichwani: riyali mia mbili na kumi na mbili.