Masaa Manne Ndani ya Banda Nililojenga Mwenyewe

Kiumbe wa kwanza kulala chali ndani ya banda langu jipya la kuku alikuwa mimi.

Kuku wenyewe walikuwa waje Jumamosi. Mimi nilifungiwa Jumatano, saa tatu na nusu asubuhi, mchana kweupe, nyumbani kwangu Lanet.

Cheka tu. Hata mimi siku hizi nacheka. Siku ile karibu mtu afe.

Naitwa Wasike. Kwa miaka tisa nilikuwa nachomelea mabomba ya mvuke kule Olkaria. Mtu aliyezoea kuunganisha bomba ambalo likipasuka linaua hawezi kujenga kitu chepesi. Ndiyo shida yangu hiyo.

Mkataba ulipoisha nikarudi nyumbani. Mke wangu Milcah bado yuko huko Olkaria, stoo, anakuja wikendi. Mimi nikaamua kufuga kuku wa kienyeji nyuma ya nyumba. Thelathini wa kuanzia.

Nikachora banda kwenye kalenda ya zamani. Futi kumi kwa sita. Msingi wa mawe ili nguchiro asichimbe. Sakafu ya simiti. Ukuta mabati mpaka kifuani, juu wavu wa chuma, ule mnene, siyo ule wa kukunja na mkono. Mbele nikaweka uwanja wa kuku kuota jua, nao nikauzungushia wavu pande zote na juu, kwa sababu ya mwewe. Kati ya banda na uwanja nikaacha tundu dogo la kuku kupitia.

Lakini fahari yangu ilikuwa mlango.

Mtaani kwetu wezi wa kuku hawana likizo. Kwa hivyo nikafunga kipande cha tyubu ya baiskeli, mlango ukawa unajirudisha wenyewe. Nje nikachomelea komeo la chuma linaloanguka lenyewe mlango ukigonga fremu. Huwezi kusahau kufunga. Unatoka, unaachilia, kha! Imejifunga.

Jirani yangu Kosgei, mwanajeshi mstaafu, alikuja kuukagua akiwa amefunga mikono nyuma kama bado yuko kambini.

"Wasike, hii komeo unafungua aje ukiwa ndani?"

"Ya nini, mzee? Kuku haifungui mlango."

"Toboa shimo, pitisha kamba. Ukivuta ndani, komeo inainuka."

"Nikitoboa shimo mwizi ataingiza waya."

Akanitazama. "Sawa. Lakini si kuku nilikuwa nafikiria."

Nikamwona mzee wa kujisumbua tu.

Sasa kuna mtu mwingine lazima nimtaje, kwa sababu hadithi hii ni yake kuliko yangu. Mama mkwe.

Mama yake Milcah alikuwa ametoka Kimilili kuja kliniki ya sukari hapa Nakuru. Sisi ni Wabukusu. Kwetu mama mkwe na mkwe hawashikani mkono, hawakai chumba kimoja, hawatazamani usoni. Miaka kumi na moja tangu nioe, salamu zetu zilikuwa za mbali, kila mtu akiangalia viatu vyake. Tena yeye kulala kwangu haikuwa jambo rahisi. Wazee walikaa kikao ndipo wakakubali, kwa sababu ya ugonjwa, alale kile chumba cha nje.

Milcah alipokuwa anarudi kazini alinisimamisha mlangoni.

"Mama anajidunga sindano yake mwenyewe, saa saba kasoro. Akishajidunga lazima ale. Wasike, lazima. Asipokula sukari inashuka, anaweza kuanguka."

"Nimesikia."

"Jikoni kwako hataingia. Unajua. Hata akifa njaa hawezi kufunua sufuria ya mkwe wake."

Tukatengeneza mpango. Mimi napika. Naandaa meza ya sebuleni. Nagonga sufuria na mwiko mara mbili, ko, ko, halafu natoka kwa mlango wa nyuma. Yeye akisikia anaingia kwa mlango wa mbele, anakula, anatoka. Siku tisa tulienda hivyo bila kuonana hata kivuli. Nilijivunia huo mpango karibu kama ule mlango.

Jumatano hiyo nilipika mapema. Chakula nikakiweka kwenye hotpot jikoni, nikaenda kumalizia banda. Ilibaki kupaka nguzo za ndani oili chafu ya gari ili mchwa asizile.

Oili chafu haitaki nguo nzuri. Nikavua suruali, nikaitundika kwenye msumari nje ya banda, simu ikiwa mfukoni. Nikavaa kaptula yangu ya kazi. Hiyo kaptula ilipasuka nyuma mwaka juzi, imepasuka mpaka imesahau kushonwa.

Nikaingia na mkebe wa oili na brashi. Mlango nikauzuia na tofali.

Upepo wa Lanet mnaujua. Ulikuja mmoja wa vumbi, tofali likateleza kwenye simiti laini niliyopiga kwa madaha.

Kha!

Nikavuta, nikasukuma. Nikapiga bega. Nikapiga teke. Komeo halikutikisika hata kidogo. Niliwahi kusikia kazi yangu ikisifiwa, lakini siku hiyo niliihisi mbavuni.

Nyundo iko nje. Koleo iko nje. Simu naiona, iko kwenye suruali, hatua mbili kutoka kwa wavu, na kidole changu hakipiti kwenye wavu huo.

Nikavuta pumzi nipige kelele. Hapo ndipo nikamwona.

Mama mkwe alikuwa ametoka na kiti chake cha plastiki. Akakiweka kando ya ukuta wa chumba chake, mita kumi kutoka kwangu, akanipa mgongo, akaanza kuchambua maharagwe.

Ningemwita hapo hapo, hadithi ingeisha. Lakini fikiria. Niko na kaptula iliyo wazi nyuma. Uso umejaa oili. Nimefungiwa ndani ya banda la kuku nililolijenga kwa mikono yangu. Halafu nimwite mama yake mke wangu aje anione?

Nikachuchumaa chini ya mabati. Nikanyamaza kabisa. Nikajiambia nitatafuta njia mwenyewe.

Njia ilikuwa moja, lile tundu la kuku. Nikaingiza mikono, nikaingiza kichwa, nikaingiza bega moja. Bega la pili likakataa. Nikarudi nyuma, likakataa pia.

Nilikaa hapo nimekwama, uso uwanjani, miguu bandani. Fremu ilinibana hadi nikawa napumua nusu nusu. Jua likanichoma shingo. Na hata ningepita, mbele yangu kulikuwa na wavu mwingine, wangu tena. Nilijitukana kwa Kibukusu na kwa Kiswahili.

Simu ikalia. Ni Milcah, ule mlio wake naujua. Ikalia ikanyamaza. Ikalia tena. Sikuweza hata kugeuza kichwa niitazame.

Ilinibidi nijipake begani oili iliyokuwa mikononi ndipo nikatoka, nikiwa nimechubuka kifua kizima. Nikalala chali kwenye simiti. Niliogopa. Sitaki kudanganya, nililia kidogo.

Nilikuwa bado nimelala hapo kengele ya shule ya jirani ilipolia. Ile ya watoto kwenda kula.

Nikaruka juu. Hiyo ndiyo saa ya sindano.

Kupitia wavu nikamwona mama akikunja maharagwe yake kwenye kitambaa, akaingia chumbani kwake. Baada ya muda akatoka akijifuta mkono wa juu na pamba. Ameshajidunga. Akakaa tena kwenye kiti, mikono mapajani. Anangoja sufuria igongwe.

Chakula kiko jikoni. Kati yake na hotpot ni hatua kumi na tano, na hatazipiga.

"Kosgei!" nikaita. "Mzee Kosgei!"

Kimya. Nikakumbuka alisema anaenda Njoro.

Nikatafuta kitu bandani. Kulikuwa na sufuria moja kuukuu iliyobonyea, niliyoiweka iwe ya maji ya kuku. Nikaishika, nikaigonga na mkebe wa oili.

Ko, ko.

Mama akainuka. Akatembea polepole mpaka mlango wa mbele, akaingia. Nilijua anachokikuta. Meza tupu. Baada ya dakika akatoka, akarudi kwenye kiti chake, bila kuuliza kitu.

Nikagonga tena. Akainuka tena. Safari hii alifika katikati ya ua akasimama, akashika ukuta. Niliona mkono wake ukitetemeka.

Hapo aibu yote ikaniisha.

"Mama! Usiende mezani! Niko huku bandani! Nimefungiwa!"

Hakugeuka. Alisimama tu, mgongo kwangu. Kisha akasema, sauti yake ikiwa chini:

"Umevaa?"

"Nimevaa, mama. Lakini vibaya."

"Basi angalia ukuta."

Nikageukia ukuta, halafu nikakumbuka nyuma ndiko kulikopasuka. Nikauegemeza mgongo kwenye mabati, nikageuza uso tu. Kwa pembe ya jicho nikaona kitu ambacho sitakisahau. Mama mkwe wangu alijifunika leso kichwani, akaanza kuja kinyumenyume. Hatua moja, anapumzika. Hatua nyingine, anapumzika. Jasho lilikuwa limelowesha leso. Alikuwa anayumba, lakini hakugeuka hata mara moja.

"Kushoto kidogo, mama. Hapo. Shuka chini. Ni chuma. Inua."

Mkono wake ukapapasa nyuma, ukalipata komeo. Vidole vilikuwa havina nguvu. Mara ya kwanza likamponyoka. Mara ya pili pia.

"Huu mlango ulikuwa unazuia simba?" akauliza.

Mara ya tatu likainuka. Mlango ukafungukia ndani, naye akaanguka nyuma.

Nilimdaka. Miaka kumi na moja sijawahi kumgusa hata kidole, na sasa alikuwa mikononi mwangu, oili ikimpaka gauni. Macho yalikuwa wazi lakini hayanioni. Mdomo ulikuwa unatetemeka.

Nikambeba. Sikuzunguka mlango wa mbele. Nilipita naye jikoni kwangu, nikamkalisha kwenye stuli, nikachanganya sukari kwenye maji, vijiko vitano sijui sita, nikamshikia kikombe.

"Mama, kunywa. Meza kidogo. Tena kidogo."

Alimeza. Mwanzoni nusu ilimwagika kidevuni. Nikamnywesha, nikamfuta, nikamnywesha. Nilikuwa naomba Mungu kwa sauti. Polepole mkono ukaacha kutetemeka. Nikafungua hotpot, nikamlisha kwa kijiko, naye akala.

Alipopata nguvu alinitazama usoni. Mara ya kwanza maishani.

"Wasike, nilikuona ukiingia asubuhi."

Nikadhani sukari bado inamsumbua.

"Niliona upepo ukifunga mlango. Ndio nikaleta kiti pale nje. Huwa nachambua maharagwe ndani. Nilikaa hapo ili ukiniita nisikie."

Masaa yote yale nimejikunja nikimficha, yeye alikuwa amekaa ananilinda.

"Lakini mama, mbona hukuja kufungua?"

"Mwanaume ananyamaza kabisa, tena na kaptula kama hiyo, mama mkwe ataenda aje bila kuitwa? Nikasema, akinihitaji ataniita. Nikangoja uniite."

"Na sindano? Ulijua nimefungiwa. Mbona ukajidunga?"

Alikuwa anaangalia kile kijiko mkononi mwangu.

"Siku tisa hujawahi kuchelewesha chakula yangu. Nikajua hata ukiwa umefungiwa, saa saba hautaniacha."

Nilitoka nje nikasimama karibu na banda, nikalia bila kujificha.

Jioni Milcah alifika, amepanda gari baada ya kupiga simu mara kumi na mbili bila kujibiwa. Akasikia yote. Akacheka, akalia, akanipiga kofi la mgongo. Wazee wa Kimilili walipigiwa simu, wakasema kwa vile tumegusana ni lazima tusafishe hilo jambo: kila mmoja ampe mwenzake kuku. Jumamosi mimi nikampa jogoo. Yeye akanipa tetea mwekundu, na huyo ndiye kuku wa kwanza kuingia bandani.

Basi wewe unayepanga kujenga banda lako, sikiliza fundi aliyefungiwa. Msingi weka wa mawe, wavu weka mnene, lakini usijenge mlango usiofunguka kutoka ndani. Na kama nyumbani kwako kuna mtu mnayeheshimiana hadi hamsemeshani, tafuteni namna ya kuitana kabla ya siku ya shida. Mimi na mama tulikuwa na heshima tele siku ile. Ilibaki kidogo tu ituzike.

Kosgei aliporudi kutoka Njoro sikumwambia kitu. Nilimwomba drili tu. Akanipa bila kuuliza, akicheka kwa pua.

Kamba ninayo sasa, imepita kwenye shimo nililotoboa mlangoni, ina fundo jekundu ndani. Mama akija kliniki, kabla hajaweka mkoba chini, anaenda nyuma ya nyumba peke yake. Anaingia bandani, anajifungia, anaivuta hiyo kamba. Akiona mlango umekubali, ndipo ananisalimia.