Nilimuona Dorika kwenye muziki wa Muhindi, nikamutaja

Kinywa changu njo kilimuua Dorika. Sitasema ni vita, sitasema ni Shetani. Ni mimi!

Tulikuwaka tunaimba naye korali moja, hapa Nyakasanza, mu Bunia. Vita ilipotugawanya, kabila lao huku, letu kule, akapotea. Siye wote tulizania alikimbilia Mambasa.

Mu mutaa wetu kulikuwa muzee Muhindi, mufanyabiashara, aliyekaa mu nyumba ya zamani ya Wabelgiji, ya matofali ya kuchoma na barza kubwa. Risasi zilipotulia kidogo, akaalika majirani kusikiliza muziki wa kwao, saa kumi ya mchana. "Mukuje tu," akasema. "Masikio yetu yamechoka na bunduki."

Alipiga sitari, ile gitare yao ya shingo ndefu. Ndugu yake alikaa kando na ngoma mbili ndogo, bila kuzigusa. Tulizania muzee angali anakaza nyuzi. Kumbe amekwisha kuanza kitambo! Ngoma zilipoingia, mwili wangu wote ulisisimuka. Mama mumoja kando yangu akalia.

Njo pale nikaona mupishi ku mulango ya jikoni, anahesabu mapigo na vidole, vile tulifundishwaka ku korali. Dorika! Muzee alikuwa amemuficha.

Macho yetu yakakutana. Akatikisa kichwa polepole: usiseme. Nami nikaitikia. Muniskie vizuri, niliitikia!

Lakini furaha ilinijaa. Kufika tu nyumbani: "Mujue nimeona nani? Dorika!"

Mudogo wa bwana yangu alikuwa anakula sombe. Alikuwa anabeba bunduki na wale vijana wa upande wetu. Nilijua!

"Dorika gani?"

"Wa korali! Iko hai, anapikia muzee Muhindi."

Akanawa mikono, akatoka. Chakula akakiacha.

Ningekimbia kumuonya. Haikuwa mbali! Nikajidanganya ameenda kunywa pombe. Nikaosha vyombo.

Asubuhi wale vijana wakamutoa mu ile nyumba. Muzee alisimama mulangoni akasema hapana, wakamuvunja mukono. Dorika wakamuulia nyuma ya parseli, kule uani.

Yule kijana akarudi, akaniambia: "Asante, shemeji."

Asante!

Muzee alifunga nyumba akavukia Uganda. Mimi niliacha korali. Padri alinisamehe, lakini hakuna kitu kilibadilika ndani yangu.

Kisha mama yake Dorika alirudi Bunia. Akanikuta sokoni, akanishika mikono. "Mwanangu, weye hukumuona hata mara moja?"

"Hapana, mama. Sikumuona."

Akanibariki. Kila tukikutana ananibariki, na kila mara nasikia kama ananizika.

Nyinyi munaosoma, mutu akikuwekea maisha yake mikononi, usimutaje hata kwa furaha, hata mbele ya watu wa nyumba yako. Na jina likikuponyoka, usikae. Kimbia umuambie! Hata viatu usitafute.